Chungu cha Pili

Tofali lilikaa vibaya. Libérat akaling'oa, akakwangua matope, akalirudisha taratibu. Upande wa pili wa ukuta, dada yake mkubwa Apollinarie alikuwa akikanyaga udongo kwa miguu iliyovimba kwa presha.

"Yaya, pumzika," Libérat alimwambia dada yake. "Nitakanyaga mwenyewe."

"Weye jenga. Mwanaume anafukuza dada yake polepole hivi?" Apollinarie akacheka. Libérat hakuweza.

Alikuwa amestaafu kazi ya kupima mizigo bandarini Kalundu. Katika mutuweli, chama chao cha kuchangia matibabu, mchango wa kawaida ulilipia vidonge vya zahanati tu. Upasuaji ulilipiwa na nyongeza, na nyongeza ya wazee ilipanda kila mwaka. Mke wake, Generose, alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa hospitali ya Lemera alikwisha kusema usiachwe mpaka mvua ziishe. Lakini sharti la chama lilikuwa moja: wote wanaokula chungu kimoja walipiwe nyongeza, au asilipiwe hata mmoja. Pensheni ya Libérat ilitosha watu wawili. Chungu chake kilikuwa na watatu, tangu Apollinarie alipofiwa na mume huko Katogota akarudi kwa ndugu yake.

Ndiyo maana ukuta huu ulikatiza uani. Kesho Bella, mkaguzi wa mutuweli, angepita. Akikuta meko mawili, angeandika nyumba mbili.

"Ni kwa macho ya Bella tu," Libérat alisema, kama alivyosema asubuhi. "Akishaondoka tunakula pamoja."

Apollinarie alinawa miguu, akawasha moto katikati ya mafiga mapya, bila kuteleka kitu.

"Unapika nini, wifi?" Generose aliuliza kutoka mlangoni, mkono tumboni.

"Masizi. Mafiga meupe hivi, Bella atacheka mpaka aanguke."

Generose alicheka kidogo, maumivu yakamkunja. Apollinarie alimtazama mpaka akanyooka. Kisha akaingia ndani, akatoka na sufuria ndogo aliyokuja nayo kutoka Katogota, akabandika maji.

"Yaya, sombe iko tayari huku," Libérat akasema, akionyesha chungu cha majani ya muhogo.

"Ni yenu hiyo. Minye napika yangu."

"Si tulisema ni ya kuonyesha tu?"

"Weye ndiye ulisema. Bella akiniuliza nakula wapi, nitamujibu nini? Mama alikuwa akiuliza nani amekula sukari, nakutaja. Sijui kudanganya, mutoto wa mama. Sasa acha ikuwe kweli. Leo, kesho, na siku zote."

"Na ukiugua?"

"Utakuja kunisalimia. Ni ukuta, si ziwa."

Libérat alisimama na tofali mkononi. Alitaka kusema wabomoe, waache. Akageuka, akamwona Generose ameegemea mlango, uso umelowa jasho na jioni yenyewe ina baridi. Akainama kuchota matope.

Walikula sombe wawili, yeye na Generose. Ng'ambo ya ukuta mwiko uligonga sufuria ndogo, ugali wa mtu mmoja, ukanyamaza upesi.

Mstari wa juu ulikuwa bado, na giza lilikuwa limeshaingia uani. Libérat alitoka, akayafunika matope kwa gunia lililoloweshwa maji yasikauke, akaliweka tofali juu yake. Angemalizia asubuhi, kabla Bella hajafika.