Pimbi Alipofuatilia Faili

Jumapili saa tisa alasiri, Zablon alibeba kiti chake cha plastiki kutoka nyumbani hadi ukumbi wa kanisa, Nzuguni, kwa sababu ukumbini kulikuwa na mabenchi yasiyo na egemeo na mgongo wake hauyapendi. Mkewe Loisi, aliyenunua tiketi mbili bila kumuuliza, alitangulia. Filamu yenyewe ilikuwa katuni. Zablon alikuwa mthamini, mtu wa kuorodhesha nyumba, miti na visima vya watu wanaotakiwa kupisha ujenzi, na alimwambia mkewe waziwazi kwamba anakwenda kulala.

Hakulala. Katuni ilimhusu pimbi aliyekuwa akiota jua kwenye jiwe la babu zake. Akaja tumbili ndani ya lori, faili kwapani, kuandika mali za wanyama kabla bwawa halijajengwa. Jua lilikuwa kali, tumbili hakushuka. Alichungulia dirishani, akaandika kwamba hapo hapana kitu, akaondoka. Zablon alimkasirikia sana tumbili yule. Mtu mzima na akili zake, anashindwaje kushuka kwenye gari? Maji yalipolifunika jiwe, machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Kumbe katuni zina mambo," alimwambia Loisi.

Loisi alisema ndiyo maana alinunua tiketi.

Taa zilipowashwa, pimbi alishuka kutoka kwenye kitambaa cheupe, akajikung'uta maji, akapita katikati ya mabenchi. Alikuwa bapa kama kadi ya harusi. Ukisimama mbele yake ulimwona vizuri, ukisogea pembeni ulibaki na mstari tu. Watu walikunja miguu apite, na mzee wa kanisa akamfungulia mlango.

Jumatatu asubuhi pimbi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Zablon, kando ya bibi Zipora. Zipora alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama alivyokuwa kwa miaka minne. Barabara mpya ilipangwa kupita kwenye mji wake, na fomu yake ilionyesha tembe moja, zizi moja na mizabibu kumi na mitatu. Kisima hakikuwamo. Kilichimbwa na marehemu mumewe nyuma ya nyumba, kimezungukwa na ua wa minyaa, na hata Oktoba hakikauki. Siku ya uthamini joto lilikuwa limepamba moto, na Zablon aliandika akiwa ndani ya gari. Kisima kikiandikwa, Zipora angepewa kiwanja chenye maji. Kisipoandikwa, angepewa kile cha mlimani, ambako maji ni mwendo wa saa nzima, na miguu yake ilikuwa na miaka sabini na sita. Hakudai zaidi ya hapo.

Zablon alimpa shikamoo kama kawaida, akaitikiwa marahaba, kisha akamwita pimbi aingie.

Pimbi alieleza shida yake kwa Kiswahili safi, muziki ukisikika kwa mbali nyuma ya maneno yake. Zablon alilia tena. Mkuu wa ofisi, ambaye watoto wake walikuwa wameiona filamu, alitoa gari. Wafanyakazi wote walishuka, wakapanda kilima juani, wakalipima jiwe moja zuri kwa futi kamba. Kufika saa saba pimbi alikuwa na barua yenye mhuri ya kupewa jiwe hilo. Hakuweza kushika kalamu, hivyo Zipora alimsaidia kubonyeza kiganja kwenye wino, taratibu, kwa uzoefu wa mtu aliyeweka dole gumba mara nyingi.

"Baba," alimwambia Zablon, "na mimi?"

Zablon alimweleza kwamba daftari la eneo lake limeshafungwa. Pimbi hakuwa kwenye daftari lolote, hivyo kwake hapakuwa na cha kufungua.

"Kisima kipo. Twende ukakione, jana nimechota."

"Naamini, mama. Lakini kwenye faili hakipo."

"Huyu umemwamini kwa kumwona kwenye kitambaa."

Zablon alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Akasema pimbi amechorwa vizuri sana.

"Inaniuma," alisema Zipora. Zablon alisema hata yeye inamuuma, na hakuwa anadanganya.

Greda lilifika Alhamisi. Zipora aliteka ndoo mbili, akachemsha chai, akampa dereva kikombe. Dereva aliyasifia yale maji, akauliza yametoka wapi. Zipora alimwonyesha. Dereva alimaliza chai, akashukuru, akarudisha kikombe, akapanda kwenye greda. Kabla ya adhuhuri kisima kilikuwa kimefukiwa na kushindiliwa.

Jumapili katuni ilirudiwa kwa maombi ya waumini. Pimbi alikuwa kilimani kwake akiota jua, hivyo jiwe lilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho. Tumbili alichungulia dirishani, akaandika kwamba hapo hapana kitu, na safari hii alikuwa sahihi. Watu walisema imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Zablon alilia mpaka Loisi akampa kanga yake ajifute.

Jumatatu aliwahi kazini, roho nyepesi, akidhamiria kuwa mtu mwema zaidi. Benchi la nje lilikuwa tupu. Zipora alikuwa ameshavuka korongo la pili na ndoo yake, na maji yalikuwa bado mbele.