Nguo za Tarjei

Mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa pale Bergen, kila mwanafunzi hupewa chumba kitupu akigeuze kuwa kazi yake, hata mtu akiingia ajikute yumo ndani ya sanaa, si mbele yake. Wenzake Gunnvor walikuwa wameshaanza kukokota mbao na nyaya tangu Januari. Yeye hakuwa na hata neno moja la kumwambia mwalimu.

Mwalimu wao aliitwa Bergljot, mama mrefu asiyependa porojo. "Wazo kila mtu analo," alimwambia. "Nenda maktaba kwanza. Niletee wasanii wawili watatu waliokutangulia, na kitabu kimoja kilichokunyima raha. Ukija na wazo tupu nitakurudisha mlangoni."

Gunnvor akaenda maktaba. Alifungua vitabu akavifunga. Vingine vilikuwa vizuri lakini havikumhusu, kama harusi ya watu usiowajua. Mpaka siku moja akakutana na kitabu kinene cha picha za mwanamke mmoja Mjerumani aliyejaza kanisa lililohamwa kwa mashuka ya wazee waliokufa, yakining'inia toka darini hadi sakafuni na mikunjo yake na madoa yake. Katika kitabu kingine kulikuwa na mtu aliyelowesha nguo za wavuja jasho ndani ya gundi mpaka zikakauka na kusimama zenyewe, bila mwenyewe ndani. Halafu akachukua kijitabu cha mashairi, akakichukua kwa sababu kilikuwa chembamba tu, na mle ndani mama mmoja alikuwa akizungumza na koti la mwanawe, ukurasa baada ya ukurasa, akiliuliza kama linasikia baridi.

Alikisoma amesimama kati ya makabati. Kabla hajakimaliza ilimbidi akae chini sakafuni.

Kaka yake, Tarjei, alifunikwa na maporomoko ya theluji milimani juu ya Odda, mji wao, majira ya baridi mawili yaliyopita. Alikuwa anateleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao za miguuni, mahali alipoteleza maisha yake yote. Gunnvor hakuwahi kulizungumza jambo hilo chuoni, isipokuwa kwa Iben, msichana wa Kidenmaki aliyegawana naye karakana.

"Nimepata," akamwambia Iben kesho yake, akimwonyesha zile picha. "Nitatengeneza chumba cha Tarjei. Nguo zake zisimame zenyewe. Moja mlangoni, moja dirishani, moja imekaa kitini. Mtu aingie akute kama amechelewa kidogo tu."

Iben alitazama picha kitambo. "Shoga, mwili wote umenisisimka. Na nguo utazipata wapi?"

"Si ziko nyumbani."

"Mama yako anajua?"

"Nitamwambia wiki ijayo nikienda."

Wiki ile ya likizo alipanda basi kwenda Odda. Mama yake, Åshild, alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, mtu wa mikono isiyotulia. Akampikia samaki na viazi, akampasha habari za jirani, akamwambia kwamba dirisha la chumba cha Tarjei lilikuwa likivuja, na kwamba fundi mmoja wa Kipolandi, Marek, amelibadilisha juzi.

"Nilikaa naye mle ndani muda wote," Åshild alisema. "Sikutaka vumbi liingie kabatini. Zile nguo sijazifua, unajua. Siku nikizidiwa nafungua mlango wa kabati, naingiza kichwa, nafunga. Usinicheke."

"Sikucheki, mama."

"Naona harufu inapungua. Ndiyo maana sifungui sana siku hizi."

Gunnvor alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga tangu kwenye basi. Badala yake akameza kiazi, akauliza habari za kazi. Kesho yake asubuhi mama akaamkia zamu. Gunnvor aliingia chumbani kwa kaka yake, akafungua kabati, akasimama. Ilikuwa kweli: harufu ya moshi wa kuni, ya mafuta ya skii, ya Tarjei mwenyewe. Alijiambia kwamba mama hafungui tena kabati mara kwa mara. Alijiambia kwamba atakapoiona kazi imekamilika ataelewa, kwani hata yule mama wa kwenye mashairi si aliyatoa yake hadharani? Akachukua koti jekundu, suruali mbili, mashati, na lile sweta la kijivu ambalo Åshild alilifuma kwa mkono wake. Akazitia katika mfuko mkubwa, akaacha barua fupi ya kuaga mezani isiyotaja kabati, akapanda basi la mchana.

Karakanani alichanganya gundi nyeupe ya mbao na maji ya moto katika beseni. Iben alikuja akasimama kando yake.

"Alisemaje mama?"

Gunnvor akaendelea kukoroga.

"Wee Gunnvor. Hukumwambia!"

"Nitamwambia ikiwa tayari. Nikimwambia sasa hataona kazi, ataona nguo tu."

"Kwani ni nini kama si nguo?" Iben alimshika mkono. "Subiri kidogo, bwana. Hata kesho tu. Gundi haikimbii."

Lakini Gunnvor alikuwa ameshalizamisha sweta. Sufu ikashtuka kwa maji ya moto, ikajikunyata mbele ya macho yake. Alipolitoa lilikuwa limepungua likawa la kumtosha mtoto wa darasa la kwanza. Akalinusa. Lilinuka gundi. Lakini badala ya kuacha akaongeza mwendo. Akazamisha koti, akazamisha mashati, kama mtu aliyevunja sahani moja na sasa anataka kumaliza kabati zima asibakiwe na ushahidi.

Zilipokauka zilisimama. Tena zilisimama vizuri mno. Koti jekundu lilikuwa limeinamisha bega moja, vilevile Tarjei alivyokuwa akisimama akingojea mtu. Bergljot, aliyekwisha kuelezwa ni nguo za nani, alipoingia alilizunguka, akavua miwani.

"Hii sasa ni kazi," alisema. "Na nyumbani wanaionaje?"

"Wamekubali," Gunnvor akasema.

Haikupita wiki, mama yake akapiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekimbia.

"Gunnvor, tumeibiwa. Mtu kaingia chumbani kwa Tarjei kachukua nguo zake. Nguo tu! Nimeita polisi. Hakuna aliyeingia mle ila yule fundi wa dirisha. Wamekwenda kwake tangu asubuhi, wamepekua hata gari lake. Mtu gani huyu anaiba nguo za marehemu?"

Gunnvor alikaa juu ya kopo la rangi. "Mama."

"Eti anakana! Analia mbele za watu, anakana."

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nguo ninazo mimi. Nilizichukua kwa ajili ya kazi ya chuo."

Gunnvor alisikia saa ya jikoni kwao ikigonga upande wa pili. Kisha mama akauliza taratibu sana, "Zikoje?"

"Mama, nimezi... zimesimama. Nimezitia gundi."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Siku zile zilizofuata haikupokelewa.

Alikwenda kwa Bergljot mwenyewe, akasema yote, akitazama viatu vyake. Alitegemea kugombezwa. Bergljot alimsogezea kiti.

"Nilikuuliza, ukanidanganya. Hilo tutaliacha kwa sasa. Nataka kujua jambo lingine. Yule Mjerumani wa mashuka, kile kitabu chake ulikisoma, au ulitazama picha?"

"Nilitazama picha."

"Basi kasome. Halafu uende kwa mama yako. Chumba hakifunguliwi mpaka yeye aseme."

Maandishi yalikuwa nyuma ya kitabu, kwa herufi ndogo, kwa Kijerumani, lugha ambayo Iben aliijua kidogo. Wakakaa wawili, Iben akisoma na kutafsiri kwa kusuasua. Yule mwanamke alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba miaka miwili akiomba mashuka. Wengi walimfukuza. Wengine walimkaribisha kahawa na kumnyima shuka. Asubuhi ya kufungua maonyesho, mzee mmoja alikuja akasema amebadili mawazo, anataka la mkewe. Yule mwanamke akapanda ngazi akalishusha, akaacha pengo pale lilipokuwa, akamkunjia.

Iben alifunga kitabu. Wala hakusema "nilikwambia". Ingekuwa afadhali angesema.

Nguo zilizokauka hazikunjiki. Gunnvor alizibeba vile zilivyo hadi kwenye basi la Odda, na kwa kuwa koti halikuingia chini kwenye mizigo, alilikalisha kwenye kiti cha kando yake. Abiria mmoja mwenye miwani akauliza kama pale pana mtu. Gunnvor alishindwa kujibu, na yule abiria akaenda kukaa nyuma.

Åshild alifungua mlango. Alimwangalia binti yake, kisha akaliangalia koti. Mkono ukamwendea kinywani. Kwa nukta moja uso wake uliangaza, kwa lile bega lililoinama. Ndipo akasogea akaligusa, likalia ko, kama mlango. Akainama akalinusa.

"Gundi," alisema.

"Mama, nisamehe."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa!" Hapo sauti ikampanda. "Ndiyo maana watu huuliza, mwanangu, ili mwenzako apate nafasi ya kukataa. Ulikuwa na kaka; mimi nilikuwa na mtoto. Ulidhani msiba ni wako peke yako, uubebe kwenye mfuko?"

Gunnvor alilia pale kizingitini kama alivyokuwa hajalia siku ya mazishi. Åshild hakumkumbatia, wala hakumfukuza. Alichukua lile sweta la kijivu kutoka mikononi mwake, akaingia nalo bafuni, akafungulia maji ya vuguvugu. Baada ya muda Gunnvor akamfuata. Walipiga magoti pande mbili za bafu, wakilisugua pamoja, na gundi ikatoka polepole ikiyafanya maji kuwa kama maziwa. Sweta lililainika. Lakini lilibaki dogo vilevile. Åshild akalinyoosha kwenye taulo, akapima mikono ya sweta kwa kiganja.

"Alivaa la ukubwa huu alipoanza shule," alisema, na hapo ndipo naye alipolia.

Walipokwisha kufuta nyuso, akavaa viatu. "Twende. Kuna mtu nimemsingizia."

Marek aliishi ng'ambo ya mto na mkewe. Aliwafungulia akiwa na kijiko mkononi, wakakatisha chakula chake. Åshild alimwomba radhi, akamwambia polisi wameshaarifiwa kwamba hakuiba. Gunnvor akasema, "Mwizi ni mimi." Marek aliwatazama wote wawili kwa zamu.

"Watu watatu wameniambia nisiende kuwatengenezea madirisha," alisema. "Nao utawaendea?"

"Nitawaendea," Åshild akasema. "Leo hii hii."

"Haya." Hakuwakaribisha ndani. Aliufunga mlango, si kwa kishindo, na mle ndani wakamsikia mkewe akiuliza ni nani, na yeye akijibu kwa lugha yao maneno mengi.

Wakazunguka nyumba zile tatu. Nyumba ya mwisho Åshild alimwachia Gunnvor aseme mwenyewe kila kitu, na mwenye nyumba alimsikiliza amekunja mikono, asimsaidie hata neno.

Jioni walikula mkate na jibini la kahawia. Mwishowe Gunnvor akauliza, kwa sauti ndogo, kama kazi ile inaweza kuonyeshwa. Alijua jibu, lakini safari hii aliuliza.

"Hapana," Åshild akasema.

"Sawa."

"Si kwamba ni mbaya. Nililiona lile koti pale mlangoni. Nililiona." Akasukuma sahani. "Sitaki watu wasio na habari naye waje na bilauri za mvinyo wasimame karibu yake. Hapana."

"Sawa, mama."

Mwezi wa Mei maonyesho yalifunguliwa, na chumba cha Gunnvor kilibaki kimefungwa. Hakupata shahada mwaka ule. Bergljot alimtaka arudie, naye hakubisha. Siku ya ufunguzi alimshikia Iben ngazi. Watu walipomuuliza kazi yake iko wapi alisema haipo, basi. Wachache walimcheka, wengine walimwonea huruma, na hakujua lipi lilimchoma zaidi.

Åshild alianza kupokea simu tena kiangazi kilipoingia, kwanza kwa majibu mafupi, baadaye kwa habari za jirani kama zamani. Chumba cha Tarjei alikitia kufuli. Marek alipata kazi za kutosha, ila kwa Åshild hakurudi. Dirisha la jikoni lilipoanza kuvuja aliita mtu kutoka mji mwingine. Koti jekundu halikuweza kuingia kabatini, na Åshild hakuweza kulitupa. Akaliacha limesimama kwenye ukumbi, karibu na viatu. Siku za mwanzo alilipita akigeuza uso. Kisha ikawa akitoka kwenda zamu, mikono ikiwa imejaa mifuko na funguo, analitundikia skafu yake begani, lile lililoinama, na akirudi anaichukua.