Ndege Iliyopakwa Deheni

Bachir Sumail alizaliwa ndani ya ndege, na asiyeamini aende akabishane na watu wa Palma, si na mimi. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili, mkunga akanawa mikono akasema yamemshinda, na baba yake, aliyekuwa fundi wa mashua za kampuni ya mkonge, akaenda kumwangukia meneja Mreno miguuni. Meneja akatoa ndege yake ndogo ya injini moja impeleke mgonjwa hospitali ya Porto Amélia, mji wa Msumbiji ambao leo unaitwa Pemba. Hawakuwahi kufika. Mtoto alitoka njiani, juu ya visiwa, rubani akipiga kelele kwa Kireno na mama akipiga kelele kwa Kiswahili. Ndiyo maana hadi leo, na miaka sitini na mitano yake, watu wanamwita Bachir Ndege.

Kampuni iliondoka na Wareno wake, ndege ikabaki. Ilikuwa imevunjika mguu wa kushoto, imelalia upande, kwenye kiwanja cha zamani kando ya barabara ya kwenda kijiji cha Mute. Mbuzi wakalala chini yake, watoto wakang'oa viti. Bachir alipokuwa fundi mashua kamili, kama baba yake, siku moja alikwenda kuiangalia akaona haya. Mtu anajua mahali alipozaliwa halafu anapaacha mbuzi wapachafue? Akaufunga mlango kwa waya, akafagia, akaanza kuitunza.

Aliitunza kwa alichokijua. Mashua ikitoka majini hukwanguliwa tumbo, ikakauka, kisha ikapakwa deheni, yaani chokaa ya matumbawe iliyokandwa na mafuta ya papa, ili wadudu wa baharini wasile mbao. Basi kila mwaka mvua zikikatika, Bachir alibeba ndoo yake ya deheni mpaka kiwanjani, akapanda juu ya pipa, akaipaka ndege tumbo zima, ubavu, mpaka kwenye mabega yanapoanzia mabawa. Miaka thelathini na moja. Aliruka mwaka mmoja tu, ule wa vita, alipokimbia na mkewe Saquina. Waliporudi walikuta nyumba haina paa. Alichofanya kwanza ni kwenda kuona kama ndege ipo, na Saquina hajamsamehe hilo mpaka kesho.

Sasa likaja jambo. Serikali ya wilaya ilikitaka kiwanja kile kijengwe maghala. Ofisa wa utamaduni, dona Lurdes, mtu wa Nampula aliyeletwa Palma kikazi, alipigana kweli kweli na wakubwa zake mpaka wakakubali: aje mtaalamu kutoka Maputo aipime ndege. Akisema inatengenezeka, itahamishiwa katikati ya mji, ijengewe paa, na Bachir awe mlinzi wake. Akisema haifai, katapila lipo pale pale, linaisaga iwe chuma chakavu siku hiyo hiyo. Hakukuwa na njia ya tatu.

Asubuhi ya siku yenyewe Bachir alivaa kanzu.

"Baba Nadia, unakwenda kuoa?" Saquina akamuuliza.

"Nakwenda kusikiliza habari njema, Mama Nadia. Habari njema haipokewi na kaptula."

Nusu ya mtaa ikamfuata. Mtaalamu alishuka kwenye gari akiwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa ovaroli, na tochi shingoni. Engenheira Dalva, yaani mhandisi, Lurdes akamtambulisha, mtu aliyetengeneza ndege miaka arobaini. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, kwa hiyo Lurdes akawa anatafsiri. Dalva alimpa Bachir mkono, akaitazama ndege kutoka mbali, akapumua kwa nguvu.

"Anasema hakutarajia kuikuta ingalipo," Lurdes akasema. "Anasema zilizobaki za aina hii ni chache sana nchini."

Bachir alitaka kucheka, akajizuia kwa ajili ya kanzu. Dalva akaanza mbele. Aligonga pangaboi, akafungua kifuniko cha injini, akamulika, akatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika. Akasema kitu, Lurdes akatabasamu: injini imekufa lakini maiti yake nzuri. Watu wakacheka. Mmoja akampiga Bachir begani, mlinzi huyo, mlinzi!

Kisha Dalva akachuchumaa chini ya tumbo. Akatoa bisibisi mfukoni, akaigusisha kwenye bati ili akwangue ule weupe. Bisibisi ikazama yote mpaka kwenye mpini.

Dalva alibaki ameshika mpini, kinywa wazi. Akaichomoa, akachoma kando, ikazama. Akasogea hatua mbili, akasukuma kwa kidole gumba, kwa kidole tu, na bati likavunjika kama biskuti iliyonyeshewa. Unga mweupe ukamwagikia viatu vyake. Alisimama akaenda ubavuni, akagonga kwa ngumi, kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka, na ndani yake mbavu za ndege zikaonekana, nazo zimeliwa zimebaki nyembamba kama njiti.

Bachir alikuwa ametazama weupe ule miaka yote, akaufurahia, akaona vile ulivyo safi. Hakuwahi kubonyeza. Mtu anayepaka deheni habonyezi, anapaka tu.

"Meu Deus," Dalva alisema, na hilo halikuhitaji tafsiri. Kisha akasema maneno mengi kwa haraka, na Lurdes akayaleta polepole. "Anasema chumvi ya bahari hula aluminiamu, lakini si namna hii. Kinachokula namna hii ni chokaa. Chokaa ikipata unyevu inaitafuna aluminiamu mpaka inaimaliza." Lurdes akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafsiri upuuzi. "Lakini anauliza, nani duniani anaweza kuipaka ndege chokaa?"

Watu wote pale walijua. Wengine waliwahi kumbebea ile ndoo. Hakuna aliyemtazama Bachir. Walitazama miguu yao, walitazama barabara, mmoja alianza kumfunga mtoto wake kitambaa ambacho hakikuwa kimefunguka. Watu wa pwani wanajua kusitiriana, na siku ile walimsitiri mwenzao vizuri mpaka akatamani kufa.

Lurdes aliusoma ule ukimya kwa namna yake. "Vita," akamwambia Dalva kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Miaka ile hapa palipita kila aina ya mtu. Nitaandika uharibifu wa vita. Sivyo, mzee Bachir?"

Bachir aliutazama ule unga mweupe kwenye viatu vya Dalva.

"Sijui, dona Lurdes," akasema. "Labda."

Na uongo ule ukapita, ukaandikwa kwenye karatasi.

Ndege haifai, Dalva alisema. Dereva wa katapila, aliyekuwa amelala kwenye kivuli cha mashine yake, akaamka akajinyoosha. Bachir alisimama kama mgeni msibani, hajui aketi wapi. Alijiona amemuua mama mlezi, tena amemuua kwa kumlisha. Saquina alimsogelea, akamshika kanzu kwenye kiwiko.

Lakini Dalva hakuwa ameondoka. Alikuwa amezunguka upande wa kushoto, ule ndege ilikolalia, akiinama na tochi kutazama kichaka kilichofunika bawa.

"Asiguse!" watu wakapiga kelele. "Upupu huo!"

Upupu ulikuwa umelifunika bawa la kushoto tangu Bachir akiwa kijana. Mwaka wa kwanza ulimwasha siku tatu, na tangu hapo hakuligusa bawa lile tena. Alipaka mpaka begani, akaishia hapo. Dalva alivaa glavu, akafunga mikono ya ovaroli, akaomba panga. Alikata upupu kwa hasira, kama mtu anayelipiza. Bati likatokea chini yake, la kijivu, chafu, lina kinyesi cha ndege na viota vya manyigu. Akagonga kwa mpini wa bisibisi.

Lililia. Lililia kama sufuria mpya.

Akagonga urefu wote wa bawa, na kila mahali likajibu. Dalva akageuka, jasho linamtoka, mkono umeanza kuvimba, naye anacheka. Akamwita Lurdes.

"Anasema Maputo wanaijenga upya ndege ya aina hii, wanataka iruke," Lurdes akatafsiri. "Imekosa bawa la kushoto. Wamelitafuta miaka minne. Anasema hili ni zima kabisa. Nani alilitunza?"

"Hakuna," akasema Bachir.

Ndivyo ilivyokuwa. Alichokipenda kilikuwa unga, na alichokikwepa kilikuwa kizima. Fikiria mtu anaambiwa hivyo mbele ya mtaa wake, na kanzu mwilini. Aliduwaa hata machozi hayakujua pa kutokea.

Dalva na dereva wa gari lake wakaanza kufungua boliti begani pa ndege. Bachir akasogea, maana mikono ya fundi haiwezi kuona boliti ikifunguliwa vibaya. Ndipo akayaona. Pale bawa linapoungana na mwili, kwenye chuma kinachobeba uzito wote, kulikuwa na madoa meupe, marefu, ya brashi yake mwenyewe. Dalva naye aliyaona, akayapangusa kwa kitambaa.

"Chumvi tu," Lurdes akatafsiri. "Anasema watalifunga kwenye turubai, watalisafisha likifika."

"Likifika lini?"

"Barabara hizi? Mwezi. Pengine miwili, ghalani."

Bachir akainama karibu na madoa. "Muulize, dona Lurdes. Na kama ingekuwa chokaa?"

Lurdes akauliza. Dalva akajibu bila kuinua kichwa.

"Anasema ingekuwa chokaa, ndani ya turubai na joto hili, hapo pangeendelea kuliwa. Bawa lingefika Maputo halina pa kushikia. Lakini ameshaambiwa ni vita, na chokaa ya miaka ile ingekuwa imeisha nguvu."

Bachir akatazama nyuma. Watu wake walikuwa wamesimama vile vile, wamemficha vile vile. Saquina alitikisa kichwa taratibu: nyamaza, Baba Nadia, yamekwisha. Na kweli yalikuwa yamekwisha. Angerudi nyumbani akiwa mzee aliyeporwa ndege yake na vita, na kila mtu Palma angempa pole, kama walivyopeana pole kwa kila kitu.

"Dona Lurdes, lipo neno la chokaa kwa Kireno?"

"Cal. Kwa nini?"

Bachir akamkatiza. Hakutaka jambo hili lipitie mdomo wa mtu mwingine. Kireno chake kilikuwa cha kuuzia mashua, lakini kilitosha. Alisogea mpaka mbele ya Dalva, akaweka kidole kwenye yale madoa.

"Cal," akasema. "Não guerra. Cal. Fui eu." Halafu, kwa kuwa aliona hajaeleweka, akajipiga kifua kwa kiganja. "Ni mimi, si vita. Kila mwaka. Trinta e um anos, miaka thelathini na moja. Mimi."

Dalva akamtazama. Akalitazama tumbo la ndege lililobomoka, akamtazama tena, na uso wake ukageuka rangi. "Trinta e um anos?" akasema, akarudia kwa sauti kubwa, karibu kelele, "Trinta e um anos!" Bachir hakuinamisha kichwa. Nyuma yake mtu alianza kulia. Alijua ni Saquina.

Lurdes alishika ile karatasi, kalamu imesimama. "Mzee Bachir, nikiandika hivi litabaki jina lako. Milele."

"Andika. Bachir Sumail, fundi mashua. Vita vimebeba vyake, na ni vingi. Hiki ni changu."

Dalva alivua glavu akazitupa. Akaenda garini, akarudi na dumu la maji, chupa ya siki ya kuulia chokaa na brashi mbili ngumu. Moja akaishika. Nyingine akamnyooshea Bachir, bila tabasamu, na Bachir akaipokea kwa mikono miwili.

Walisugua begani pale mpaka adhuhuri, yeye upande wake na mama yule upande wake, maji meupe yakimmiminikia Bachir kwenye kanzu. Boliti ya mwisho ilipotoka, watu wakalipokea bawa mabegani. Ndege, ilipoondolewa bawa ililoliegemea, ikakaa kitako yenyewe, taratibu, katapila likiwa bado halijawashwa.