Nusu ya Jozi Isiyotumika

Bassam hajui kukiacha kitu kinachofanya kazi kiendelee kufanya kazi. Mwanawe wa kwanza, Safwan, alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akalazwa katika zahanati moja ya Frere Town ambako programu ya kupima pumzi za watoto aliiandika Bassam mwenyewe. Mwamba ngoma huvutia kwake: tangu siku hiyo alikazana chumbani kwake Bombolulu kuifanya iende mbio zaidi.

Aliona programu inapoteza muda. Kila kipimo kilifungwa na jibu la kazi nyingine kuwa jozi, kisha jozi ikafunguliwa papo hapo ili kutoa kipimo. Ni kama muuza duka anayekufungia mkate ilhali unaula pale pale. Basi asubuhi moja akaagiza jozi zisifungwe tena: kinachohitajika kipite moja kwa moja, na nusu isiyotumika isitengenezwe kabisa. Akaipeleka programu zahanati kwa mtandao, ikaenda mbio, akajipongeza kwa chai na mahamri.

Adhuhuri mkewe, Malak, akapiga simu kutoka wodini.

"Baba Safwan, leo kumetulia, alhamdulillahi. Ile kengele ya muuguzi haijalia hata mara moja. Jana haikutupa raha, wallahi."

Bassam akacheka. Kisha kicheko kikamkwama. Akairudia programu, simu ikiwa sikioni, mpaka akaiona ile nusu aliyoidharau. Ni kweli jibu lake halikutumiwa na yeyote. Lakini ni katika kuitengeneza nusu hiyo ndipo kengele ilipokuwa ikipigwa kila pumzi za mtoto zilipopungua.

"Malak! Mtazame mtoto!"

"Alele usingizi."

"Mguse! Mguse, nakuomba!"

Hajawahi kuogopa namna ile maishani mwake. Kisha Safwan akalia, kilio chembamba cha hasira, na babake akakaa sakafuni akimshukuru Mungu kwa sauti.

"Umemwamsha bure," Malak akanung'unika. "Una nini leo?"

Hapo ndipo Bassam alipowakumbuka watoto wa wazazi wengine wodini. Shukrani ikamkauka mdomoni.

"Mwite muuguzi," akasema. "Kengele imekufa. Awatazame wote, sasa hivi!"

Akamsikia Malak akipaza sauti, viti vikiburutwa, kina mama wakiinuka. Mtoto mmoja akalia, kisha mwingine. Halafu akamsikia Selpher, mama wa kitanda cha jirani, akimwita mwanawe. Akamwita tena.

"Mama," muuguzi akasema, "nipishe."