Kidole Chetu

Karani wa dirisha la tatu alifika kazini Jumatatu akiwa na plasta kwenye kidole gumba cha kulia, na kila aliyemuuliza alimwambia kuwa amejikata na kisu. Uongo mtupu. Jumapili alikaa uani peke yake na kipande cha msasa, ule mumewe anaotumia kulainishia milango, akakisugua kidole hicho mpaka kikatoa damu. Alikuwa akilia, na si kwa maumivu peke yake.

Mambo yalianza miaka mitatu nyuma, siku Bibi Dobi alipokuja kuandikishwa posho ya wazee. Jina hilo alibandikwa mtaani, kwa kuwa alifua nguo za watu miaka arobaini. Sabuni na magadi vilikuwa vimemlia alama zote za vidole, na mashine ya kusoma alama hizo ikamkataa mara tisa. Wazee wa namna yake walikuwa na fomu yao, ila fomu hiyo ilitaka barua ya daktari, barua ya mtaa na kibali cha makao makuu, na mikono ya bibi ilikuwa imekwisha kukakamaa, haiwezi tena kukamua hata kitambaa. Foleni ilikuwa imefika getini. Karani, kwa haraka na huruma vikiwa vimemjaa kwa pamoja, akabonyeza gumba lake mwenyewe kwa jina la bibi, na mashine ikaitikia.

Tangu hapo Bibi Dobi aliamini kwamba ndivyo serikali inavyofanya: ukikosa kidole, unaazimwa. Kila mwezi alikuja dirishani na kuuliza kwa sauti ya kutosha foleni nzima, "Mwanangu, kile kidole chetu kipo?" Karani alicheka, akambonyezea, akamkabidhi haki yake yote. Hakuwahi kubaki hata na senti yake. Lakini nani angemwamini?

Ijumaa iliyotangulia ile Jumatatu ya plasta, mkuu wa ofisi aliwaita wote.

"Wafadhili wamefunga mkoba," alisema. "Na wao wana wazee wao huko, wana vita vyao. Wakopeshaji nao wanataka orodha yetu ipungue theluthi, la sivyo hawatuongezei muda wa kulipa. Kwa hiyo ile fomu ya wasio na alama imefutwa. Na inakuja mashine mpya."

"Hiyo theluthi ya wazee itakwenda wapi, mkuu?" karani aliuliza.

"Inayopungua ni orodha. Wazee watabaki walipo." Alisema hivyo akiangalia meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na agizo lilitoka mbali kuliko mahali ambapo sauti yake ingefika.

Mashine mpya ingelinganisha vidole vya wafanyakazi na vya wazee, ili kuwanasa wafanyakazi waliojipachika kwenye orodha kwa majina ya watu hewa. Karani alipiga hesabu usiku kucha. Akiweka gumba, ni mwizi. Asipoliweka, Bibi Dobi ni hewa. Akatafuta upenyo, akakosa, ndipo akaenda kutafuta msasa.

Basi Jumatatu hiyo, akiwapitisha wafanyakazi kwenye mashine mpya, mkuu aliiona plasta, akaguna. "Weka cha kushoto, tusipoteze muda." Karani akaweka. Taa ya kijani ikawaka na jina lake likatokea, safi kabisa. Alishusha pumzi, kisha akajionea aibu kwa jinsi pumzi hiyo ilivyokuwa tamu.

Wa nne kwenye foleni alikuwa Bibi Dobi, kajifunga kanga mpya. Mkuu mwenyewe alimshika mkono na kumjaribisha kidole kimoja kimoja, vyote kumi. Mashine ikalia vibaya mara kumi.

"Hatambuliki," mkuu alisema taratibu. "Muingize kwenye hewa."

"Hewa ndiyo nini, baba?"

Bibi Dobi wala hakuhangaika. Alimgeukia karani kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Haya, mwenzangu, toa kile chetu basi."

Mkuu aliinua kichwa. "Chenu kipi?"

Bibi Dobi alikuwa tayari ameiona plasta. Aliuchukua mkono wa karani, akaugeuza kwenye mwanga kwa vidole vyake laini visivyo na mstari hata mmoja.

"Umeumia lini, mama wee? Kazi gani hii uliyokuwa ukifanya?"

Karani alitaka kusema kisu. Lakini vidole vya yule bibi vilikuwa na joto, vikimpapasa kidonda juu ya plasta kwa uangalifu, kama vinavyopapasa vidole vya mtu anayejua ngozi ikichubuka inauma vipi.

"Nimekuuliza, karani. Chenu kipi?" mkuu alirudia.

Karani hakujua kama chini ya plasta kulikuwa kumebaki alama yoyote. Alisogeza gumba karibu na mashine, akashika ncha ya plasta, akaanza kuibandua.