Chungu cha Mwaka Mmoja

Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi Driwaru aliuhamisha mkwaju wake mara tatu, na mtu yeyote anayeijua miti ya chunguni atakwambia kwamba mara moja kwa miaka miwili inatosha kabisa. Kwanza aliung'oa kutoka kwenye chungu akautia kwenye kopo la bati la mafuta ya kupikia ya msaada. Jua la Ombaci likalichemsha lile bati hata likawa halishikiki, akaona mizizi itaiva kama mihogo, akautoa. Akautia kwenye ndoo ya rangi. Ndoo ilikuwa na kina mno, udongo wa chini haukukauka, akautoa tena na kuulaza kwenye beseni kuukuu. Ungemwona ungesema mti ndio uliomkosea. Kumbe mti wa watu ulikuwa umetulia zake, aliyeshindwa kutulia ni yeye.

Mkwaju wenyewe ulikuwa na miaka minne na haukuzidi urefu wa kiwiko hadi kiganja. Aliuotesha kutokana na kokwa aliyoitema mwenyewe uani kwa mama yake, huko Ludara, upande wa Koboko. Nyumbani kwake Ombaci, karibu na mji wa Arua, alikuwa na mingine kumi na minane, mikwaju na mikuyu, yote ya bonsai, miti inayodumazwa makusudi ndani ya vyombo, na yote bado michanga, kila mmoja ndani ya chombo chake: sufuria lililotoboka, nusu ya jerikeni, bakuli la mbwa aliyekwisha kufa. Kazi hii alijifunza kwa kutazama video kwenye simu. Jambo la kwanza alilojifunza, na ambalo alimwimbia kila jirani aliyekuja kumcheka, ni kwamba chombo kisicho na tundu chini ni jeneza. Maji hutuama, mizizi huoza, mti hufa umesimama. Tundu ndiyo pumzi yake.

Na tundu ndizo zilizomponza.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake viliuzwa soko la Ludara miaka na miaka, hadi mikono ilipoanza kutetemeka, na sasa mwaka wa tatu huu alikuwa hajagusa udongo. Kilibaki kimoja tu, kipana na kifupi, cha mwisho kutoka mikononi mwake. Driwaru alipokwenda kumsalimu wiki iliyopita alikikodolea macho hata mama akacheka. "Chukua," alisema. "Enda pikia mboga." Driwaru akakipakata hadi Arua, akaazima kwa fundi seremala mashine ya kutobolea, akakipinduza, akakitoboa tundu tatu safi kitakoni. Akakipiga picha kikiwa kimepinduliwa, kisha akakipiga tena mti ukiwa ndani. Jumapili akazituma zote mbili kwa kaka yake Lokule, anayeishi na mama. Mwonyeshe mama mti wake, aliandika, kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani.

Lokule akamwonyesha. Mama akaishika ile simu karibu na uso, akaitazama picha ya kwanza kwa muda mrefu. Ya pili hakutaka kuiona.

"Nani kwisha kufa?" aliuliza.

Maana kwao, mfinyanzi akifa, chungu chake cha mwisho hutobolewa kitako na kulazwa kifudifudi kichwani pa kaburi lake. Chungu hakitobolewi kwa sababu nyingine yoyote. Na usidhani Driwaru hakulijua hilo. Chungu cha bibi yake alikipita kila siku ya utoto wake akienda kisimani. Alilijua kama anavyolijua jina lake, ila siku ile kichwa chake kilikuwa kimejaa mizizi, na mikono yake ikatenda.

"Mama iko namna gani leo?" alimuuliza Lokule kwenye simu kila asubuhi. Baba yao alikuwa askari, na miaka yao ya kwanza waliishi kambini kabla ya kurudi Ludara, kwa hiyo Kiswahili cha kambi ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani kwao.

"Iko nalala. Nageukia ukuta. Chakula hapana gusa tangu Jumapili, chai tu kidogo."

"Nasema nini?"

"Nasema mtoto yake kwisha zika yeye."

"Mpe simu, Lokule. Mpe."

"Hapana taka simu, dada. Hapana taka kusikia wewe."

Basi ndiyo maana mti ulikuwa ukihamahama. Driwaru aliona haya kuuacha ndani ya chungu kile, na akaona haya zaidi kukitazama chungu kitupu. Akapika hakula. Akafua nguo zilizokuwa safi. Alhamisi mchana akawa kiguu na njia sokoni Arua, akitafuta chungu kinachofanana na kile, kana kwamba mama angeweza kudanganywa kuhusu kazi ya mikono yake mwenyewe.

Aliishia kwenye kibanda cha Alphonsine, Mkongomani anayeuza vyombo vya plastiki, ambaye kwa miaka minne amemuuzia mabeseni bila kuzoea kusikia kwamba yote yameishia kutobolewa.

"Batu wananunua beseni juu ya kunawa," Alphonsine alisema. "Weye unanunua juu ya kutoboa. Leo unatafuta nini tena?"

Driwaru akashika hiki, akaweka, akashika kile. Mwishowe akashika chujio kubwa la plastiki, lile la kuchujia mchele uliooshwa, lenye vitundu pande zote. Kwa mti mchanga hakuna chombo kinacholishinda: mizizi hupumua kila upande, ikifika ukingoni huacha kujizungusha. Kilikuwa chombo sahihi hasa. Akiwa bado amekishika akaanza kulia, palepale, mbele ya ndoo na sahani. Akamweleza Alphonsine yote.

Alphonsine akamsikiliza mpaka mwisho. "Sasa dada, hii chombo unatafuta ni ya nani? Ya muti, ao ya mama?"

Driwaru akalilipia chujio. Alirudi nyumbani akaupanda mkwaju kwenye chujio, hiyo ikiwa mara ya nne. Kisha akakoroga simenti kidogo, akaziba zile tundu tatu, akazilainisha kwa kijiko.

Ijumaa asubuhi alipanda gari la Koboko, chungu mapajani, mti katikati ya miguu. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kuomba radhi na kuyapangua. Alipofika Ludara akakuta Lokule amekaa mlangoni, uso umemshuka, bakuli la uji uliopoa limewekwa kando yake. Lokule akampisha.

Mama alikuwa amelala kama Lokule alivyosema, amewapa mgongo. Driwaru akapiga magoti kando ya kitanda, akakiweka chungu mkekani. Maneno yote aliyoyapanga yakamruka.

"Mama, mimi naleta chungu yako. Kwisha ziba. Kwisha pona."

Mkono wa mama ukaja nyuma, ukitetemeka, ukapapasa ukingo wa chungu, ukakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikatoa mlio wa bubu. Mtu aliyefinyanga maisha yake yote hahitaji kutazama.

"Simenti," mama akasema ukutani. "Chungu kwisha kufa, wewe natia simenti."

"Mimi hapana zika wewe!" Driwaru akapasuka. "Mimi natafuta tundu ya mti tu! Mti hapana tundu, nakufa. Kichwa yangu iko kwa mti, mama, hapana kwa kaburi. Mimi mjinga. Piga mimi, lakini kula."

Kuku akaingia, akatoka. Driwaru alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuwa nayo, hofu kwamba mgongo ule ndio atakaoukumbuka.

"Mti iko wapi?"

Driwaru akalisogeza chujio haraka hata udongo ukamwagika. Mama akajigeuza taratibu. Alikuwa amekonda. Akautazama mkwaju, kishina chake na vijani vyake, kisha akaangalia vile vitundu ambamo ncha nyeupe za mizizi zilionekana. Akaugusa mmoja.

"Hii plastiki tundu yote hii?"

"Ndiyo. Mizizi napumua."

Mama akavitazama vitundu, akakitazama chungu, na uso wake ukaanza kubadilika. Driwaru aliutambua uso ule. Ulikuwa uso wa sokoni, ule wa mama mtu alipomletea chungu kilichofinyangwa vibaya.

"Sasa wewe natoboa chungu kwisha choma? Na mashine? Nani nafundisha wewe ujinga hii?" Alikuwa amekwishajiinua kwa kiwiko. "Tundu ya kaburi ndiyo natoboa nyuma ya moto, chungu kwisha iva! Tundu ya mti natoboa na kidole, udongo bado mbichi! Mtoto ya mfinyanzi hapana jua hii? Aibu!"

Driwaru angetukanwa hivyo mchana kutwa na kushukuru. Mlangoni Lokule alikuwa ameshasimama.

"Wewe naangalia nini?" mama akamgeukia. "Enda mtoni, leta udongo. Na uji hii pasha moto."

Alikunywa uji nusu bakuli. Kisha akatolewa nje, akaketishwa kwenye mkeka, udongo ukapondwa na kulowekwa. Mikono yake haikuweza tena kuinua ukuta wa chungu, kwa hiyo ikawekwa juu ya mikono ya Driwaru, na mtetemo wake ukapita hadi kwenye udongo. Kabla ya kuanza aliagiza simenti ikwanguliwe yote kwenye chungu kile kingine. Lokule akaikwangua kwa msumari hadi tundu tatu zikawa wazi.

"Hii sasa ni yangu," mama alisema, bila uchungu. "Weka chini ya kitanda. Siku yake iko nakuja, hapana leo."

Akaugeukia udongo. "Mti nataka chungu kubwa namna gani?"

Swali hilo Driwaru angelijibu usingizini. Mti mchanga hupewa chombo kikubwa, kipana, chenye nafasi ya kutosha miaka mitatu au minne, ili shina linenepe. Angeweza hata kuonyesha kipimo kwa mikono. Lakini mikono yake ilikuwa chini ya ile mingine, akiusikia mtetemo, na kupitia mlango alikiona chungu cha tundu tatu kikisukumwa chini ya kitanda.

"Kidogo," akasema. "Ya mwaka moja tu."

"Mwaka moja? Na nyuma yake?"

"Nyuma yake mimi narudi hapa. Wewe nafanya ingine."

"Mti yako nakonda, wewe."

"Wacha nakonda."

Walifinyanga mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia, na tangu Jumapili ndiyo mara ya kwanza Driwaru alikaa mahali pamoja. Kilipomalizika kilikuwa kichungu cha kiganja, kimeegemea upande. Mama akachovya kidole cha shahada majini, akakiingiza kitakoni mwa udongo mbichi. Kidole kilitetemeka, tundu likatoka limepinda, kubwa kuliko inavyotakiwa. Driwaru hakulirekebisha.