Viungo vya Jitu la Bati

Kwa miaka mitano hakuna mtu pale Kalembe aliyeligusa vazi la Jitu la Bati isipokuwa Eugène. Alikuwa na kwado pembeni ya barabara, kibanda cha kuziba matairi ya pikipiki na malori, na kila mwaka kundi la michezo ya kuigiza la parokia lilipojiandaa, alifunga kazi siku mbili akagongelea mabati ya madebe ya mafuta na kuyaunganisha kwa vipande vya mpira kwenye mabega, viwiko na magoti. Katika mchezo ule Jitu lilitoka chini ya kilima na kumeza mashamba ya watu. Lilipoingia, watazamaji walipiga mayowe, naye Eugène alisimama nyuma yao akijua kwamba nusu ya mayowe yale ni yake.

Mwaka huu kundi lilialikwa kucheza mjini Walikale. Mama Adrienne, mwenye duka la vitambaa, aliyetoka Butembo zamani na sasa ndiye aliyeliongoza kundi, aliita kikao. Samy, mwalimu aliyecheza Jitu, alipandisha mikono ya shati na kuonyesha makovu kwenye viwiko, pale bati lilipokuwa likimuuma kila alipokunja mkono. Alisema bila ubaya kwamba saa nzima hivyo hataiweza. Mama Adrienne akaamua viungo vifanywe upya na Benita, naye Eugène atoe mipira, maana mipira iko kwake.

Benita alijifunza kukata mpira kwa Eugène mwenyewe, miaka miwili, kabla ya kuhamia Walikale kushona viatu na mifuko ya wachimbaji waliokuwa wakipita njia ya mgodi wa Bisie. Alikuwa amerudi tangu mwezi wa tatu. Kikaoni Eugène alijibu kwamba hakuna shida, akacheka kidogo, akaenda zake. Njiani aliyarudia maneno ya Mama Adrienne mara nyingi, na kila mara yalizidi kuwa makali kuliko yalivyosemwa.

Asubuhi moja alipita nje ya parokia kwa kisingizio cha kuleta gundi. Akamkuta Benita amemkalisha Samy kwenye benchi, amemwambia akunje goti nusu, ndipo anapima. Eugène siku zote alipima mguu ukiwa umenyooka. Benita alikata mpira vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, akavipandisha kimoja juu ya kingine ili viteleze goti likikunjwa, halafu akakunja ukingo ndani ya bati na kuushona kwa uzi wa nailoni, ngozi isikutane na chuma. Samy alisimama, akachuchumaa, akasimama tena, akacheka peke yake. Eugène alitazama akaelewa kila kitu kwa mara moja, na hilo ndilo lililomchoma. Jambo lilikuwa rahisi, lilikuwa mbele ya macho yake miaka mitano, na hakuliona.

Nyumbani mke wake Vestine alikuwa ameshasikia. Akamsifu Benita huku akichagua maharage, akasema afadhali mwalimu atapumzika kuumia. Eugène aliacha chakula katikati.

Benita alipotuma kuomba mpira mpya wa magoti, kwa sababu aliotumia kujaribia ulikuwa mwembamba mno, Eugène hakwenda kwenye mipira mizuri. Alipanda juu ya kibanda, akashusha mpira wa ndani wa tairi la lori uliokaa juani misimu miwili. Akaupaka mafuta ukang'aa mweusi kama mpya. Akaukata kwa uangalifu, akauchora chaki, akaupeleka mwenyewe. Alijiambia utapasuka tu kidogo, watu waone kwamba na Benita anakosea. Kuhusu mguu wa Samy hakujiambia kitu.

Siku ya safari walipanda gari la mizigo la ndugu yake Mama Adrienne, vazi likiwa limefungwa kwenye shuka. Barabara ilikuwa matope, wakashuka mara tatu kusukuma. Benita alikaa karibu na Eugène akamgawia ndizi za kuchoma. Akazipokea akala.

Walikale watu walijaa uwanja wa shule mpaka ukutani. Jitu lilipoingia Eugène alikuwa pembeni kabisa ya jukwaa. Hakuangalia kichwa wala mikono, aliangalia magoti. Samy alipiga goti la kwanza, na hapo tu Eugène akaona kwa macho ya akili kile ambacho angepaswa kukiona juu ya kibanda: mpira unapasuka, ukingo wa bati unaingia nyuma ya goti, kwenye mshipa. Akataka kupiga kelele. Hakupiga. Samy aliruka, akaanguka chini jinsi mchezo ulivyotaka, akabingirika, akainuka akicheza. Hakuna kilichopasuka. Watu walisimama wote wakashangilia, na Eugène alishukuru Mungu huku, kwa aibu yake, kitu ndani kikinung'unika kwamba na hili pia limemwendea Benita vizuri.

Alikuwa wa kwanza kumsaidia Samy kuvua. Akaligeuza goti la bati, akatazama ndani. Mpira haukuwa wake. Ulikuwa mzito, laini, wa tabaka mbili, hauna alama ya chaki hata moja.

Alimkuta Benita nyuma ya madarasa, anakunja nguo za wachezaji. Akamuuliza mpira ule ulitoka wapi.

"Kule Muheto," Benita alisema bila kuinua kichwa. "Nilipanda pikipiki nikaenda kuutafuta."

"Na wangu?"

"Wako niliukunja, nikaona nyufa. Ni weye ulinifundishaka kuukunja kabla ya kuukata, kaka Eugène. Basi nikajua hukukosea, ulifanya makusudi."

Eugène aliuliza mbona hakumwambia mtu.

"Ningewaambia nini? Nililia ile siku, nikanyamaza. Lakini mutu angekatika mushipa juu ya wivu yako. Usinishukuru. Sijakusamehe bado."

Akabeba nguo zile akaondoka.

Kesho yake, kabla gari halijaondoka, Eugène aliwaambia Mama Adrienne na Samy yeye mwenyewe. Hakuzunguka. Samy akapanda mbele ya gari akae mbali naye. Mama Adrienne alisema vazi halitakaa tena kwado, na kwamba mwaka ujao wataona. Vestine alipoambiwa, alikaa siku mbili akiongea na mumewe kwa maneno ya lazima tu.

Wiki sita zilipita. Samy alianza kumjibu salamu, ingawa pikipiki yake aliipeleka kwado nyingine. Kwa Benita Eugène hakuthubutu kwenda, mpaka siku alipopata mpira mzuri wa lori, usio na kiraka. Akaukunja huku na huku juani, akaupeleka kwake alikoshonea viatu. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alimwomba amwonyeshe jinsi ya kupima goti lililokunjwa.

Benita aliukunja mpira ule mbele yake, polepole, akautazama ukingo wote.

"Uko muzuri," alisema. "Kaa hapa. Kunja muguu."

Alikaa. Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake alisimama kuangalia, akasema dada huyu ana mikono ya ajabu. Eugène alisikia kile kitu cha zamani kikimpanda kifuani. Hakikuwa kimekufa. Akaomba ashike mkasi, Benita amwelekeze.